Kiganja cha Moza

Jina langu ni Moza Msellem, na mama aliyenizaa alikuwa hajapata kulitamka. Hakukatazwa na sheria, alikatazwa na adabu. Moza ni jina la mama mkwe wake, na kwetu Ole mke mwenye haya zake hataji jina la mkwewe hata usingizini. Kwa hiyo Mama aliniita "Bi Mkubwa". Baba, kwa kuwa nimechukua jina la mamaake, aliniita "Mama". Majirani waliniita "Bibi", na watoto wao, ambao hawakujua sababu, wakaniita "Bibi" vilevile na kunipisha njia. Nilianza kupishwa njia nikiwa na miaka sita. Ukidhani ni raha, jaribu wewe.

Bibi Moza alifariki mwezi mmoja kabla sijazaliwa, Mungu amrehemu. Mimi sikumwona, wala yeye hakuniona, lakini mambo yangu yote alikuwa ameshayaamua. Kukipikwa pweza, sahani yangu iliwekewa dagaa. "Bibi hali pweza," walisema, wakimtaja yeye na kuninyima mimi. Bibi hakupenda nguo nyekundu, basi sikushonewa nyekundu. Bibi hakuwa msemaji, basi nikizidisha maneno nilipapaswa kipaji kuangaliwa kama nina homa. Na baiskeli ndiyo kabisa! Bibi Moza hakupanda baiskeli maisha yake yote, hata ya kupakiwa, ingawa Ole nzima inatembea kwa miguu na kwa baiskeli. Mimi nilikwenda kwa miguu.

Na nilikuwa nikikubali! Hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo. Sikuwahi kujiuliza kama kweli sipendi pweza. Ningejiuliza vipi, na jibu lilikuwapo kabla sijazaliwa?

Lakini pweza na baiskeli ni mambo madogo. Kubwa lilikuwa mkono. Bibi Moza alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, hakuna sufuria kubwa lililoinjikwa Ole bila yeye kulitia mkono. Hakupima kwa kijiko wala kikombe. Alikunjua kiganja, akamiminiwa chumvi mpaka kikajaa, akatia. Kiganja cha kwanza, cha pili, cha tatu, basi. Watu walitoka mbali kuja kula. Alipofariki, wapishi wa shughuli wakawa wanaazimwa vijiji vya jirani. Nilipofika miaka kumi na tano ukoo ukakaa ukasema jina limeshakua, sasa na mkono urudi. Nikasimamishwa mbele ya sufuria la pilau, nikakunjua kiganja kama nilivyoelekezwa, nikatia chumvi mara tatu.

"Nkono ule ule!" walisema walipoonja, wengine hata kabla ya kumeza. Baba alitokwa na machozi. Siku ile alikunywa jagi zima la maji peke yake, na mimi nikadhani huzuni inakausha koo.

Tangu siku hiyo kila shughuli ya Ole chumvi nilitia mimi. Mimi mwenyewe nikila pilau langu ulimi uliniwaka, nikajilaumu kwamba pengine sijui kula. Watu wazima wote wale waseme tamu, mimi nani niseme si tamu?

Kisha akaja Mwalimu Conchesta.

Alitoka Bukoba, akaja kufundisha hisabati kwenye skuli moja ya binafsi iliyo jirani, na Baba akampangisha chumba chetu cha mbele. Alikuja na begi moja, baiskeli moja na sauti ya kutosha watu wanne. Ijumaa ya kwanza Baba alimkaribisha chakula cha mchana, kwa sababu mgeni hukaribishwa, na nikapika mimi, kwa sababu mgeni hupewa kilicho bora. Mwalimu alitia tonge moja mdomoni akasita. Akanywa maji. Akatazama sahani, akatutazama sisi.

"Nkono wa mama yangu huo, Mwalimu," Baba alisema kwa fahari.

"Mama yako ndiye kapika?"

"Katangulia mbele ya haki, miaka ishirini na mbili sasa."

"Pole sana, Mzee Msellem. Kwa hiyo chakula hiki kapika nani?"

"Kapika Mama, huyu hapa." Akanionesha mimi.

Mwalimu alikunja uso, akahesabu vizazi kichwani, hesabu ikamshinda. Akanigeukia. "Dada, wewe unaitwa nani?"

"Moza."

"Moza, usikasirike, mimi kwetu nimelelewa kusema. Chakula hiki chumvi imezidi. Hakiliki."

Hakiliki! Neno hilo lilitua katikati ya mkeka, na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Mama alishika mdomo. Baba aliinamisha macho kwenye sahani yake akaendelea kula, tonge baada ya tonge, kama mtu anayetimiza nadhiri. Mimi je? Nilitakiwa nione haya nikimbilie jikoni nikalie. Badala yake nilifurahi! Nilifurahi mpaka nikatamani nimrukie yule mwanamke shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mtu alikuwa amesema jambo linalonihusu mimi. Kosa ni langu! Bibi hakulifanya, nimelifanya mimi!

Jioni ile nilibisha mlango wa chumba chake.

"Mwalimu, imezidi kiasi gani?"

"Kiasi cha kuua mdudu," alinijibu bila huruma. "Hebu nioneshe unavyopima."

Nikamkunjulia kiganja. Alikitazama, akaweka chake juu ya changu. Changu kilikipita chake pande zote. "Moza, huu ni mkono wa golikipa. Bibi yako alikuwa mtu mkubwa?"

Nikakumbuka kanzu za Bibi zilizohifadhiwa sandukuni kwa Baba, ambazo hazijapata kunipita mabegani, na bangili zake za fedha ambazo mimi hazinivuki vidole. Mikono yangu ni ya upande wa Mama. Wajomba zangu wote wana mikono ya kung'olea visiki. Miaka saba watu wamekitazama kiganja changu kikijazwa chumvi, na hakuna aliyekiona. Walikuwa wakiona cha Bibi.

"Basi tatizo limekwisha," Mwalimu alisema. "Pima kwa kijiko."

Nikafungua mdomo niseme ahsante. Kilichotoka ni kingine: "Lakini mie sipendi kupika."

Wallahi sikujua kama lilikuwamo. Tulitazamana, mimi nikiwa nimeshituka kuliko yeye. Kisha tukacheka mpaka Mama akagonga ukuta kuuliza kunani.

Toka hapo sikukamatika. Kila kilichokuwa si cha Bibi nilitaka nikijaribu. Mwalimu alinunua pweza sokoni Wete, tukampika chumbani kwake kwa nazi na ndimu, tukafunga mlango. Nilikula mpaka nikaona haya. Miaka ishirini na mbili nimepitwa na kitu kile, na dagaa wote wale! Nguo nyekundu niliijaribu pia, nikajitazama kwenye kioo, nikaivua. Haikunikaa hata kidogo. Hapo mimi na Bibi tulikubaliana, na sikuchukia. Na kusema, ee, kusema! Kumbe mimi ni msemaji. Nilikuwa nimeyaweka akiba maneno ya miaka yote ile, na Mwalimu ndiye aliyeyapokea, maskini.

Kisha baiskeli. Tulikuwa tukienda uwanja wa skuli baada ya Alasiri, mimi nimevaa suruali ndani ya dira na mtandio nimeufunga sawasawa. Siku ya kwanza niliingia kwenye shamba la muhogo la watu. Siku ya pili niliingia palepale, mwenye shamba akaniuliza kama nina kisa naye. Siku ya tatu Mwalimu aliachia siti bila kunambia, nikaenda. Nikaenda mwenyewe! Miguu ilijua, mikono ilijua, na upepo wote wa uwanja ule uliniingia kwenye mtandio. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nilijua hapo hapo, bila kumwuliza mtu, kwamba hiki nakipenda.

Nyumbani sikusema. Na pengine ningeendelea kukaa kimya, nile pweza wangu kwa siri na kutia chumvi kwa kijiko, kama isingekuwa harusi ya Yumna.

Yumna ni binti wa ami yangu, tumelala mkeka mmoja tangu utotoni. Aliposwa na Ridha, kijana wa Wete, mtu mzuri ila mamaake ana ulimi unaojulikana bandarini na sokoni. Watu wale hawakupata kumjua Bibi Moza. Wasingekula jina, wangekula pilau. Siku chache kabla ya harusi Yumna alinijia, akanishika mikono yote miwili, akabaki anapepesa macho.

"Bibi, mamaake Ridha kasikia sifa za pilau la Ole. Kasema yuwaja kula tu, hata ndoa haimshughulishi."

"Alhamdulillahi."

"Basi... nakuomba..." Machozi yakamtoka. "Tia kidogo."

"Yumna, kwani wajua?"

"Ntu yupi asojua? Sote twajua! Twala kwa maji, twarudi kwetu twanywa maji tena." Akajifuta na pembe ya kanga. "Lakini nani wa kumwambia ami, babaako, kuwa nkono wa mamaake umekufa? Unakumbuka alivolia siku ile? Weye unaweza?"

Nilikuwa nimewakasirikia watu wa Ole kwa kunidanganya, na kumbe wao walikuwa wakimhurumia Baba. Miaka saba kijiji kizima kimekunywa maji kwa ajili ya mtu mmoja. Utawachukia vipi watu kama hao?

Na ningeweza kutia kidogo, hilo lilikuwa jepesi. Chumvi ingekuwa sawa, harusi ingepita, na mkono wa Bibi ungekuwa hai kweli sasa, na mimi ningesimama nyuma yake mbele ya masufuria mpaka nizeeke. La, sikutaka kulipunguza kosa. Nilitaka kutoka.

Nikamwendea Baba. Alikuwa uwani akichambua karafuu juu ya mkeka.

"Baba, harusini mie sitii nkono. Kupika sikutaki."

Akacheka kwa upole. "Mama naye ndivo alivokuwa. Kila shughuli akataa kwanza, mpaka abembelezwe."

Nilitaka kupasuka! Hata kukataa kwangu Bibi alikuwa amekutangulia. Nikanywea nikaingia ndani, na Baba nyuma yangu nikamsikia akijichekea, ameridhika kabisa.

Siku ya harusi ikafika. Uwanja wa ami ulijaa tangu alfajiri. Masufuria matatu juu ya mafiga, nyama inachemka, mchele umeshaoshwa, wanawake wanakuna nazi na kuimba. Wanaume wazima walikuwa msikitini kupanga mambo ya ndoa, na vijana walikuwa wamekwenda Wete na magari yote ya ukoo kuwachukua watu wa Ridha. Baba alibaki, maana hakupata kukosa kuuona mkono ukitiwa. Mama alikuwa pembeni na bakuli za bizari. Anayemimina chumvi alikuwa Bi Khairat, shoga wa pekee wa Bibi Moza aliyebaki duniani, kikongwe mwenye macho makali na tambuu isiyotoka mdomoni.

"Haya, Bibi," aliniambia. "Kunjua."

Nyimbo zikanyamaza. Nikanyoosha mkono, nikakunjua kiganja mbele za watu. Bi Khairat aliinua kata ya chumvi, akakitazama kiganja changu, akanitazama usoni. Hakumimina. Nadhani alikuwa ananingoja, ingawa hakupata kukiri.

"Simimine, Bi Khairat," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, sauti ya Bukoba. "Huu si mkono wa Bibi. Utazameni! Bibi Moza alikuwa na kiganja kidogo, na mie changu ni hiki. Pilau langu halina ladha yake, lina chumvi mara mbili, na nyote mwajua. Na hata lingekuwa tamu, mie kupika sikupendi. Yumna ni ndugu yangu, sitomharibia harusi yake. Leo sitii."

Kuni zikalia motoni. Halafu wote wakasema kwa pamoja, na mwenye kusikia kitu ni nani? Mmoja alisema jini, mwingine alisema hasadi, shangazi yangu alisema mwalimu wa bara. Mimi nilikuwa namtazama Baba. Alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, kofia mkononi.

"Ntoto," alisema. Hakusema Mama. "Chumvi ilikuwa ikizidi kweli?"

"Ilizidi, Baba."

"Na mie nikidhani ulimi wangu umeharibika kwa uzee," akasema. "Nikaona aibu kuuliza."

Yumna alichungulia dirishani na hina yake mikononi, akalia kwa sauti. Na hapo ndipo tulipogutuka kwamba masufuria yanachemka na hakuna wa kuyatia chumvi. Nikawauliza shangazi, wakarudi nyuma. Nikamwuliza Mama, akaficha mikono ndani ya kanga. Tangu enzi za Bibi, ukinitoa mimi, hakuna mwanamke wa Ole aliyewahi kutia chumvi sufuria la shughuli, na hakuna aliyetaka kuanzia siku hiyo, mbele ya ulimi wa mamaake Ridha.

"Saada wa Kangagani," Bi Khairat alisema, akitema tambuu. "Harusi za kwao zote yeye. Lakini simu yake hukaa na mwanawe mjini, na magari yako Wete."

"Nitamleta mie," nikasema.

"Kwa miguu? Utamleta kesho."

Nilikimbia nyumbani, nikaitoa baiskeli ya Mwalimu, ambaye alikuwa mlangoni akijipamba kuja harusini. "Breki ya mbele haishiki!" alinipigia kelele. Nikamwambia inshallah ya nyuma itashika.

Sijui nikueleze vipi njia ile. Nilikuwa nimezoea uwanja wa skuli, na sasa nilikuwa barabarani mchana kweupe, dira limepeperuka, kila nyumba ninayopita watu wanasimama. "Bibi! Bibi kapanda baiskeli!" Karafuu zilianikwa kando ya njia majamvi kwa majamvi, nikipita katikati yake kwa kubana pumzi. Mzee mmoja alisoma Ayatul Kursiyu. Kwenye kilima nilisimama juu ya pedali, magoti yanauma, kifua kinawaka, na nilikuwa nikicheka peke yangu. Harusi inaweza kuharibika, Baba nimemuumiza, na mimi nacheka! Mungu anisamehe, sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Bi Saada wa Kangagani nilimkuta anapepeta mchele. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwanamke mnene, mtulivu.

"Leo Ole wamenikumbuka," alisema. "Mimi nikialikwa harusi ya kwenu hula kabla ya kutoka, wajua?"

"Nakuomba, Bi Saada."

"Chumvi mmeshatia?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Nipe buibui langu."

Akachukua upawa wake ukutani, akakaa keria upande, akanishika kiuno, na baiskeli ikalia kama imekanyagwa na ng'ombe. Kwenda nilikwenda mwepesi. Kurudi nilirudi na mpishi. Tulipanda vilima kwa kushuka na kusukuma. Tulipotokea barabara kuu nyuma yetu zikalia honi. Magari ya Wete! Yalikuwa yamewahi, yamepambwa maua, na kwenye gari la mbele mama mmoja ametoa kichwa dirishani. "Nyie akina mama, mwendapi hivo?" akauliza.

"Kukupikieni!" Bi Saada akamjibu, ameinua upawa juu, na gari zima likapiga vigelegele.

Yakatupita, yakaelekea msikitini kwenye ndoa. Sisi tukachukua njia ya kushukia kwa ami, na pale ndipo nilipokumbuka habari ya breki. Mteremko ule ni mkali, na Bi Saada ni mzito. Nikabana ya nyuma, ikalia, haikushika. Kuku wakaruka. Mbuzi akanitazama, akaamua kuondoka. Mbele yangu nikaona uwanja umejaa wanawake, moto, masufuria, na mama yangu amesimama katikati na bakuli la bizari.

"Moza!" Mama akapiga ukelele uliosikika msikitini. "Moza! Pinda, Moza! Pinda kushoto!"

Nikapinda kushoto. Nikapita kando ya mafiga, wanawake wakapasuka huku na huku, tukaingia kwenye rundo la vifuu vya nazi tukasimama. Bi Saada alishuka kwanza, akakung'uta buibui, akauliza chumvi iko wapi. Nyuma yake uwanja mzima ulikuwa umeduwaa, haukunitazama mimi wala yeye, ulimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemtaja mkwewe mbele ya mashahidi, mara tatu, kwa kelele. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na wote wakaanza kucheka naye.

Bi Saada alitia chumvi kwa kikombe alichokuja nacho, akaonja, akatia kidogo tena. Ndoa ilipokwisha fungwa na wanaume wakarudi, pilau lilikuwa tayari. Mamaake Ridha alikula sahani mbili akaomba ya kuchukua. Akauliza nani mpishi, na Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyonyooka, kwamba ni Bi Saada wa Kangagani.

Nilimwona Baba akila. Hakuwa na jagi la maji karibu. Alitafuna polepole, akasita, akaniita kwa mkono nikakaa karibu naye.

"Hivi ndivo lilivokuwa la Mama," aliniambia. "Nilikuwa nimeshalisahau." Machozi yalimtoka, na safari hii nikajua ni ya nini. Aliniwekea kipande cha nyama sahanini mwangu, tukala pamoja.

Ilipofika jioni, ngoma imeanza kwa ndani na Yumna ameshapelekwa chumbani, nilikwenda kukaa upenuni na Bi Khairat. Nilikuwa na magoti yaliyochubuka na mwili wote unaniuma. Bi Khairat alikuwa anakunja tambuu mpya. Alinisogezea nafasi mkekani, akaangalia kama kuna mtu karibu, akapunguza sauti.

"Nikwambie jambo la bibiyo," alisema, macho yakimng'ara. "Jambo nilijualo mie tu, na sijapata kumwambia ntu. La yeye na baiskeli. Siku moja, mie na yeye wasichana, sote hatujaolewa..."

"Bi Khairat, usinambie."

Akanitazama, tambuu mkononi. "Hutaki kujua?"

Nilitaka! Nani asingetaka? Ningetoa chochote. Lakini niliiona kesho yake tayari. Kama Bibi aliipanda, watasema nimeichukua kwake. Kama aliiogopa, watasema nimemkhalifu. Vyovyote iwavyo, mteremko ule usingekuwa wangu tena.

"Nataka," nikamwambia. "Lakini niachie hii moja, Bi Khairat. Niachie kwanza."

Akatia tambuu mdomoni, akatafuna, na siri yake akaimeza pamoja nayo. Halafu akanyoosha miguu, akaegemea ukuta kama mtu anayejiweka tayari kusikiliza.

"Haya, Moza," alisema. "Nambie weye. Ilipokataa ile breki, ulihisije?"

Nikamsimulia tangu mwanzo.